Binti Akiitwa Mjini: Mwongozo kwa Kijiji na Mtaa wa Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Wasichana Dodoma

Mtihani wa darasa la saba ukishafanyika Septemba, vijiji vya Bahi, Chamwino, Mpwapwa, Kongwa, Chemba na Kondoa vinabaki na mabinti wa miaka 13 na 14 ambao hawana la kufanya mpaka Januari. Ni miezi hiyohiyo ambayo mtama na uwele vinapungua ghalani, na kwa kuwa mvua yetu ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, chakula kipya hakitegemewi kabla ya Aprili au Mei. Halafu simu inaita kutoka Dar es Salaam au Dodoma mjini: "Shangazi, huko hakuna kabinti ka kunisaidia kazi? Nauli natuma leo."

Simu yenyewe si kosa. Wapo mabinti waliokwenda mjini wakiwa watu wazima, wakafanya kazi, wakalipwa, wakaezeka nyumba ya mama kwa bati. Mwongozo huu hauwaambii wazazi wafunge milango. Kijiji kikipiga marufuku safari, mabinti wanaondoka usiku, na anayeondoka usiku hakuna anayejua kaondoka na nani. Tunachotaka kukikomesha ni safari ya siri. Binti asiondoke mpaka watu wazima kadhaa nje ya familia yake wajue anakwenda wapi, kwa nani, na kufanya nini.

Hatua ya 1: Kubalianeni kosa ni lipi

Anzeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, au mkutano wa mtaa kwa walio mjini. Ukitaja usafirishaji haramu wa binadamu, wengi watafikiria wahamiaji waliofichwa kwenye malori au watu wanaovushwa mipaka usiku. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haihitaji mpaka wowote uvukwe. Kumtoa binti Mvumi na kumpeleka Nkuhungu ili atumikishwe kwa nguvu au afanyishwe biashara ya ngono kunatosha. Tena sheria haimwangalii mwajiri peke yake. Aliyemtafuta, aliyemsafirisha, aliyempokea stendi na aliyemhifadhi kwake huku wakijua lengo, wote wamo.

Jambo la pili ndilo linaloleta mabishano, kwa hiyo lipeni muda. Kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa haimwokoi mtuhumiwa. Si ridhaa ya binti mwenyewe, si ya mama, wala si ya baba aliyepokea fedha. "Lakini alikubali mwenyewe" si utetezi.

Halafu ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, na hapo ni kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kazi za usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ni marufuku kwa mtoto. Kazi za baa na sehemu za starehe zimewekwa kwenye kundi la kazi hatarishi, kwa hiyo binti wa miaka 16 anayehudumia meza baa asiitwe mhudumu mdogo. Hapo sheria imevunjwa. Na binti wa miaka 12 aliyepelekwa kulea mtoto wa watu anatumikishwa kinyume cha sheria hata kama anakula vizuri na mwajiri ni mlokole.

Hatua ya 2: Mjue anayekuja kuchukua

Wazazi wengi humwonya binti juu ya mgeni mwenye gari. Anayemchukua kwa kawaida ana jina mnalolijua. Mara nyingi ni mwanamke. Ni binti wa kijiji aliyeolewa mjini, mke wa binamu, jirani wa zamani, au dada aliyekuja Krismasi na simu kubwa na nywele zilizosukwa saluni. Hamumshuku kwa sababu mmekula naye.

Naye si lazima awe mwovu wa moyo. Wengine wanaamini kabisa wanasaidia. Lakini nyuma yake kuna dalali anayelipwa kwa kila kichwa, na dalali huyo hajali nyumba anayompeleka mtoto. Kwenye baadhi ya mipango hiyo mshahara wa mwezi wa kwanza au zaidi unakwenda kwa dalali, kisha mwajiri anakata nauli, nguo na sabuni, na binti anajikuta anadaiwa kabla hajashika hata shilingi. Deni hilo ndilo kamba. Anaambiwa hawezi kuondoka mpaka limalizike, na kila mwezi linaongezeka: sahani imevunjika, mtoto ameumwa, maziwa yamemwagika.

Dalili za kuziangalia kwa anayekuja na ofa:

- Ana haraka. Basi ni kesho alfajiri, na nafasi "itachukuliwa na mwingine".
- Anataka mabinti, si binti. Mtu anayetafuta msaidizi wa nyumbani kwake hahitaji watatu.
- Anachagua kwa sura na umri: awe mdogo, asiwe na mtoto, asiwe "mjanja".
- Hataki mwenyekiti wa kitongoji ajue. Anasema "viongozi wataleta maneno".
- Anaacha fedha kwa mzazi kabla hata jina la mwajiri halijatajwa.
- Anamwelekeza binti aseme ana miaka 18.

Ahadi inayowanasa wazazi kuliko zote si mshahara. Ni ile ya "nitamsomesha". Ina dawa rahisi: mwambie aanze na uhamisho. Mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anahamishwa kupitia mwalimu mkuu au mkuu wa shule, na lazima itajwe shule inayompokea. Mwenye nia ya kweli ya kusomesha atakwenda shuleni kesho asubuhi na jina la shule mkononi. Mwingine ataanza kueleza kwamba "mambo ya shule tutamalizia hukohuko". Hapo mmeshapata jibu.

Hatua ya 3: Anzisheni daftari la safari

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na gharama yake ni bei ya kaunta buku moja. Daftari linakaa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, na nakala ya kila ukurasa inapelekwa kwa mtendaji. Kila mtoto anayeondoka kwenda kuishi kwingine, iwe kazi, shule au "kumsaidia dada aliyejifungua", anaandikwa kabla ya kuondoka. Ukurasa wake uwe hivi:

Jina la binti, kitongoji, na tarehe ya kuzaliwa iliyothibitishwa na cheti, kadi ya kliniki au rejesta ya shule, si kwa mdomo. Jina la mzazi au mlezi na simu yake. Jina la anayemchukua, namba ya kitambulisho chake, na picha yake iliyopigwa hapohapo na simu ya mwenyekiti. Jina la anayempokea, mtaa anakoishi, na jina na simu ya mwenyekiti wa mtaa huo. Kazi au shule anayokwendea. Mshahara waliokubaliana na utakavyolipwa. Basi au treni atakayopanda, na siku. Mwisho, tarehe ya simu ya kwanza ya kumfuatilia.

Kipengele cha mwenyekiti wa mtaa wa kule ndicho kinachowakimbiza matapeli. Mwenyekiti wenu anampigia mwenzake wa Ilazo au Mbagala na kumuuliza, "Mheshimiwa, huyu mama fulani unamfahamu? Anakaa kwako?" Ni mazungumzo ya dakika mbili. Nimeyasikia yakiishia na kicheko na salamu, na nimeyasikia yakiishia na mama mmoja aliyebeba pochi yake akaondoka bila kuaga.

Daftari lipate nguvu kwa sheria ndogo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Inachukua muda, kwa hiyo msiisubiri. Anzeni kwa makubaliano ya mkutano na mihutasari yake.

Maonyo mawili. Daftari ni la watoto. Mwanamke wa miaka 20 hahitaji ruhusa ya mwenyekiti kupanda basi, na mkianza kumzuia mtakuwa mmegeuza ulinzi kuwa kifungo. Na liwe bure. Siku mtendaji atakapoanza kudai elfu 5 ya kugonga muhuri, watu watarudi kwenye basi la alfajiri.

Hatua ya 4: Shule itoe taarifa

Mwalimu ana rejesta ya mahudhurio, na rejesta huona kabla ya mtu mwingine. Kubalianeni kwamba binti asipoonekana siku tatu mfululizo bila taarifa, mwalimu anamjulisha mtendaji siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi.

Januari kuna orodha nyingine ya thamani: waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza na hawajaripoti. Ada ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, lakini sare, madaftari, michango na umbali bado vinawashinda wengi. Mtendaji aichukue orodha hiyo na kupita nyumba kwa nyumba. "Yuko kwa shangazi yake Morogoro" siyo jibu mpaka shangazi apigiwe simu na binti mwenyewe asikike.

Hatua ya 5: Mwandaeni binti mwenyewe

Msimtishe. Binti aliyejazwa hofu anafika mjini akiogopa kila mtu, pamoja na askari ambaye angemsaidia. Mpeni vitu vinavyotumika.

Akariri namba mbili kichwani: ya mzazi au jirani, na 116, ambayo ni Simu ya Huduma kwa Mtoto na ni bure kupiga. Akariri, si kuandika kwenye karatasi wala kuhifadhi kwenye simu, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kunyang'anywa. Mwulize jioni akiwa anachota maji, umwulize tena asubuhi.

Awe na sentensi ya siri na nyumbani. Bosi anaweza kusimama pembeni wakati binti anaongea, au simu ikawekwa sauti ya juu, kwa hiyo "naumia" hawezi kusema. Lakini anaweza kuuliza, "Mama, yule mbuzi wa bibi amezaa?" wakati bibi hana mbuzi. Mama akisikia hivyo anajibu kawaida, anakata simu, anakwenda kwa mwenyekiti. Chagueni sentensi yenu wenyewe, na wajue watu wawili tu.

Ajue pia kwamba akifika akakuta kazi si ile aliyoambiwa, kuondoka si utovu wa adabu. Tumewalea mabinti wetu wasimjibu mtu mzima, na dalali analijua hilo vizuri.

Cheti cha kuzaliwa kibaki nyumbani, aondoke na nakala.

Hatua ya 6: Macho ya stendi na barabarani

Stendi Kuu ya Nanenane, vituo vya Kibaigwa na Manyoni, na stesheni za reli ni sehemu ambazo binti anaweza bado kuonekana. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, saa za kuangalia zimeongezeka. Mawakala wa tiketi, makondakta, mamalishe, wapagazi na bodaboda wanaona zaidi ya askari yeyote.

Wafundisheni kuangalia: mabinti kadhaa wa rika moja na mtu mzima mmoja anayeshika tiketi zote, binti asiyejua anashukia wapi, binti anayemtazama mwenzake kabla ya kujibu jina lake. Swali la kawaida tu linatosha, "Mdogo wangu, unakwenda kwa nani?" Likijibiwa na mtu mzima kwa niaba yake, mara mbili, nenda kituo cha polisi cha stendi au piga 112. Usimkabili mtuhumiwa peke yako, na msimpige. Mtuhumiwa aliyepigwa na wananchi anaharibu kesi, na mara nyingine mnakuwa mmempiga baba mzazi.

Hatua ya 7: Miezi mitatu ya mwanzo

Simu ya kwanza siku ya kufika. Ya pili baada ya wiki moja, ya tatu mwisho wa mwezi. Anayepiga asiwe mama peke yake. Mwenyekiti au mtu wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto apige pia, na mwajiri ajue kwamba kijiji kinafuatilia.

Ombeni kuongea na binti, si kupewa salamu zake. "Amelala", "yuko sokoni", "simu yake imeharibika" zikija mara tatu mfululizo, mpigieni mwenyekiti wa mtaa wa kule apite nyumbani. Muulizeni binti alikula nini jana, analala chumba gani, na nani, alishika shilingi ngapi. Maswali madogo hayamtishi mwajiri, na majibu yake yanasema mengi.

Kwa wewe unayetafuta dada wa kazi

Wakazi wa Dodoma mjini tunapenda kuongelea Dar es Salaam kana kwamba sisi hatuhusiki. Tangu serikali ihamie hapa, nyumba zimeongezeka Kisasa, Ilazo, Nzuguni na Ihumwa, na kila nyumba inataka mtu wa kufua, kupika na kulea. Baa na nyumba za wageni zimeongezeka pamoja nazo. Mabinti wanatolewa Singida, Kondoa, Iringa na vijijini kwetu hapahapa. Bila mnunuzi, dalali hana biashara.

Kwa hiyo: omba cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, na kama huna uhakika wa umri, usimchukue. Ongea na mzazi moja kwa moja. Mpeleke akatambulishwe kwa mwenyekiti wa mtaa wiki ya kwanza. Mwandikieni mkataba hata wa ukurasa mmoja, na mshahara usiwe chini ya kima cha chini kilichotangazwa na serikali kwa wafanyakazi wa majumbani. Mpe fedha mkononi mwake au kwenye laini yake, si kwa dalali, si kwa "mama aliyemleta". Nauli uliyomtumia ni gharama yako. Aachiwe simu yake, awe na siku ya kupumzika, awe na mlango unaofungwa kwa ndani anapolala. Na ukisikia mtoto wa jirani akilia kila usiku nyuma ya ukuta, unaujua ule ukuta ni wa nani. Sheria ya Mtoto inamtaka yeyote mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake azitoe kwa serikali ya mtaa.

Ofa za nje ya nchi

Hapa tutakuwa wafupi. Kazi za ndani au za hoteli nje ya nchi si za mtoto, basi. Kwa aliyefikisha miaka 18, wakala awe na leseni ya serikali, na leseni hiyo ithibitishwe ofisi ya kazi ya mkoa, si kwa picha ya WhatsApp. Mkataba usomwe kabla ya kuondoka na kwa lugha anayoielewa. Anayeambiwa asafiri kwa viza ya matembezi na "kazi utabadilishiwa ukifika" akatae.

Hatua ya 8: Mkishuku, fanyeni haya

Pigeni 116 au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi kilicho karibu. Kama mtoto yuko hatarini sasa hivi, 112. Mjulisheni mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa sababu ndiye mwenye mamlaka ya kumpatia mtoto mahali salama pa kukaa, ikiwemo familia ya kuaminika iliyothibitishwa.

Tunzeni ushahidi: ujumbe wa miamala ya fedha kwenye simu, kumbukumbu za simu zilizopigwa, tiketi, namba ya gari, ukurasa wa daftari. Msifute kitu hata kama kinawaaibisha. Mzazi aliyepokea fedha na sasa ana hofu asifichwe wala asitukanwe. Ushahidi wake unaweza kuwa ndio unaomfunga dalali.

Msisambaze picha ya binti kwenye magrupu. Mnamjulisha dalali kwamba anatafutwa, na picha hiyo itabaki kwenye simu za watu akiwa ameshaolewa na ana watoto.

Na msiyamalize nyumbani. Mbuzi wawili na laki 3 mbele ya wazee ndiyo njia ambayo kesi nyingi zinakufa. Wazee wana nafasi yao kubwa katika kumpokea binti na kuituliza familia, lakini kosa hili ni la jinai. Hakuna mzee mwenye mamlaka ya kulisamehe kwa niaba ya mtoto, na dalali aliyelipa fidia Mpwapwa anahamia Kongwa wiki ijayo.

Hatua ya 9: Akirudi

Kama alibakwa au alilazimishwa ngono, hospitali kwanza, na ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi baada ya hapo. Polisi wanafuata, na fomu ya polisi ya PF3 isiwe sababu ya kumchelewesha kutibiwa. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa, ikiwezekana. Kama saa 72 zimepita bado apelekwe. Kuna vipimo na matibabu mengine.

Kama alifanya kazi bila kulipwa, madai ya mshahara yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Dodoma. Muda ni mfupi: siku 60 kwa madai ya namna hiyo, siku 30 kama analalamikia kuachishwa kazi. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaandaa fomu bila malipo. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata ni nani anayehudumu kwenu.

Kijijini, mgumu zaidi ni ulimi. Binti anaporudi na mimba, au amekonda, au hana kitu, kisimani ataitwa majina. Mwenyekiti, mchungaji, shehe na mwalimu waseme mapema na waziwazi kwamba aliyetendewa si mwenye kosa. Asihojiwe na kila jirani. Mtu mmoja anayemwamini anatosha, na afisa ustawi.

Shule haijafungwa. Waraka wa Novemba 2021 unamruhusu mwanafunzi aliyeacha shule, hata kwa sababu ya ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi, kwa hiyo mkuu wa shule asiye na taarifa aonyeshwe waraka huo. Asiyetaka tena dawati, vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mfano Chisalu kule Mpwapwa na Munguri kule Kondoa, na mpango wa Elimu Haina Mwisho katika vyuo hivyo uliwekwa kwa ajili ya mabinti waliokatishwa masomo, wakiwemo wenye watoto wachanga. VETA Dodoma nayo ina kozi fupi. Fomu zichukuliwe wiki za mwanzo baada ya kurudi, kabla dalali hajapiga tena simu, kwa sababu binti aliyerudi bila mpango ndiye wa kwanza kupigiwa.

Na jina lake lifungwe kwenye daftari: tarehe aliyorudi, aliyempokea, hatua iliyochukuliwa dhidi ya aliyempeleka. Safu hiyo ya mwisho ikikaa tupu miezi miwili, mtu asimame kwenye mkutano mkuu na kumuuliza mtendaji ni kwa nini.